Anwani Yenye Adabu

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani, na atakayedhani anaijua basi hayo ni yake na moyo wake. Hata jina haina. Kamati ya Kutafuta Jina la Taifa bado imo hotelini inakula posho, na kila lipatikanapo jina zuri wajumbe hulikataa haraka wasije wakamaliza kazi.

Katika nchi hiyo ilikuwa mwiko kusema jambo lolote kabla ya kuwatambua wakubwa. Mtu akiona nyumba ya jirani inaungua, alianza na Mkuu wa Nchi, akaja kwa mawaziri, akashuka kwa makatibu na manaibu wao, ndipo akasema moto. Zimamoto walimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa kumkatiza mtu anayetaja wakubwa ni kosa la jinai. Nyumba ziliungua, lakini ziliungua kwa heshima.

Siwema Sanga alikuwa mwandishi wa programu katika Wizara ya Anwani na Utangulizi. Alitunza maktaba, ila si ya vitabu. Ilikuwa fungu la maagizo ya kompyuta yaliyokwisha kuandikwa, ambayo waandishi wengine wa programu waliyaazima ili kila mmoja asianze upya. Maktaba ya Siwema ilijua kazi moja tu, kuunga anwani za mtandao. Uliipa jina la mahali, njia ya kupita na kile unachoomba. Yenyewe ilivipanga, ikatia mkwaju, ule mstari wa kuinama, panapostahili mkwaju na alama ya kuuliza pale ombi linapoanzia, ikaziba mapengo, kisha ikakurudishia anwani moja safi. Serikali nzima iliegemea hapo: kodi, mitihani, vibali vya mazishi, na vitanda vya hospitali.

Hivyo vitanda ndivyo vilivyomkosesha Siwema usingizi. Baba yake, Mzee Barnaba Sanga, fundi mstaafu wa masanduku ya bati, alikuwa na figo zilizogoma. Kila wiki ilibidi alazwe Hospitali Kuu asafishwe damu kwa mashine, na akikosa, miguu ilivimba na pumzi ikawa ya kuazima. Hospitali haikumpokea mtu kwa kumwona. Kitanda kiliombwa kwa anwani, na jina la mgonjwa lilikaa mwisho kabisa wa anwani hiyo.

Balaa lilianza siku Waziri alipojifunza kutumia kompyuta. Huyu alikuwa Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Ladislaus Fumbuka, mtu mwenye shingo nene na udaktari aliopewa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe. Alimwita Siwema ofisini na kumwonyesha kioo.

"Hebu soma hapa."

"Ni anwani ya kuombea kitanda, Mheshimiwa."

"Naona. Jina la hospitali, mkwaju, vitanda, mkwaju, kisha jina la mgonjwa. Inaingia tu. Haipigi hodi, haimsalimu mtu. Mimi niko wapi humu?"

"Mheshimiwa, hii inasomwa na mashine."

"Na hiyo mashine imelelewa na nani, hata isijue wakubwa?"

Swali lenyewe halikuwa na mlango wa kuingilia. Waziri akaenda kulihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, baada ya utangulizi uliokula asubuhi nzima, "adui wa taifa letu si njaa wala maradhi. Adui ni mkato. Kuanzia leo hakuna anwani itakayofika inakokwenda kabla ya kuwatambua viongozi kwa majina, vyeo na shahada zao. Mwananchi atataja shida yake mwisho, kama alivyofunzwa na mama yake."

Watu walipiga makofi. Ni watu waungwana, na waliosimama kando yao walikuwa na bunduki.

Siwema akaandika upya maktaba yake kama alivyoagizwa. Aliiunganisha na daftari la heshima la Ikulu, hivi kwamba kila aliyepewa cheo au nishani aliingia mwenyewe katika kila anwani ya nchi, kwa mpangilio wa ukubwa, bila mtu kugusa kitu. Ilikuwa kazi safi. Kwa kazi safi hakuna aliyemshukuru, ila makosa yalipatikana mengi. Waziri alisikia kwamba nukta mbili zikifuatana katika anwani humaanisha kurudi hatua moja nyuma. Akazipiga marufuku, kwa sababu taifa lile husonga mbele tu. Tangu siku hiyo mtu aliyeingia ukurasa wa kodi hakuweza kutoka.

Siku nyingine alimwita Siwema akiwa amefunga mlango na mapazia.

"Nani amekwambia habari za asilimia ishirini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Asilimia ishirini ipi, Mheshimiwa?"

Waziri alimwonyesha kioo. Kati ya neno Mheshimiwa na jina lake palikuwa na alama ya asilimia, halafu mbili, halafu sifuri. Siwema alimweleza kwamba anwani haziruhusu nafasi tupu, na kwamba ndivyo maktaba zote duniani zinavyoziba pengo kati ya neno na neno.

"Dunia nzima?"

"Dunia nzima, Mheshimiwa."

Waziri alishusha pumzi, akasema hakujua kuwa desturi hiyo imeenea kiasi hicho.

Sasa, kompyuta ya Hospitali Kuu ilikuwa ya msaada, na msaada, kama punda wa bure, haukaguliwi meno. Ilikuwa na koo jembamba. Ilimeza anwani hadi urefu fulani, iliyozidi ikaikata na kuitupa bila kuuliza. Kisha ikashika jina la mwisho lililosalia, ikaamini kwamba huyo ndiye mgonjwa. Zamani hilo halikumdhuru mtu. Lakini anwani zenye adabu zilikuwa ndefu mno. Zilikatwa kabla hata ya kumfikia mwananchi, na jina lililobaki mwisho lilikuwa la mkubwa aliye mdogo kuliko wote, Mheshimiwa Tegemeo Kapalata, Msaidizi wa Naibu Mtandika Zulia Jekundu.

Basi vitanda vyote vikawa vya Kapalata. Mama mwenye uchungu wa uzazi aliomba kitanda, kikatoka kwa jina la Kapalata. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo aliomba, kikapewa Kapalata. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa mzima kama chuma, akibeba mazulia begani kutwa nzima, na alipoambiwa kwamba hospitali imemtengea wodi zote alitokwa na machozi ya furaha. Polisi waliwekwa kuvilinda vitanda vyake. Wagonjwa walilala sakafuni katikati ya vitanda vitupu vilivyotandikwa shuka nyeupe, kwa maana kulala kitandani pa mkubwa ni kosa, na kuitika jina la mkubwa ni kosa kubwa zaidi. Mtu mmoja mwenye kidonda tumboni alithubutu kuitika "Kapalata ni mimi." Alipelekwa gerezani na kidonda chake.

Mzee Barnaba alikosa zamu ya kwanza, akakosa ya pili. Siwema alimkuta nyumbani amekaa kitini, miguu imejaa hata viatu havipiti.

"Usinitazame hivyo," mzee alisema. "Kaa ule."

"Baba, mimi ndiye niliyekiandika kile kitu."

"Uliandika ulichoambiwa. Ungekataa, angeandika mpumbavu, na ingekuwa mbaya zaidi."

"Ingekuwaje mbaya zaidi ya hivi?"

Mzee alifikiri. "Kweli," alisema, "hapo sina la kukujibu."

Siwema alikwenda kwa Waziri kuomba jina la mgonjwa litangulizwe. Waziri alimsikiliza kwa utulivu, kisha akamuuliza kama anaelewa anachokisema, kwamba mtu anayeharisha amtangulie Mkuu wa Nchi mlangoni. Siwema alitoka. Alimchukia yule mtu. Alichukia sauti yake na kiti chake na jinsi alivyolitamka neno wananchi, kana kwamba ni kitu kilichomnasa kwenye meno.

Ukali ulishindikana, basi akajaribu unyenyekevu. Alirudi na pendekezo jipya, akaliita Mshikamano wa Heshima. Alisema si vizuri neno Mheshimiwa litawanywe huku na huku kama mbegu za mchicha. Lisemwe mara moja, Waheshimiwa wote kwa pamoja, kisha majina yafuate yamebanana bila pengo, bega kwa bega, adui asipate pa kupenya. Waziri alilipenda neno bega. Mapengo yakaondoka na alama zake za asilimia, na yale Mheshimiwa mengi yakabaki moja. Anwani ikapungua. Ikapungua kiasi cha kutosha tu, kwamba baada ya Kapalata jina la mwananchi likapenya kwenye koo la ile mashine, likiwa limebanwa lakini zima.

Nesi Apolonia, mkuu wa zamu Hospitali Kuu, mwanamke mkavu asiyecheka hovyo, alisoma kwenye kioo jina la Barnaba Sanga, akalisoma tena, kisha akaenda kuwaondoa polisi kwa ufagio. Mzee alisafishwa damu. Jioni alivaa viatu vyake mwenyewe.

Vifo vilipungua nchini, na jambo hilo likamfikia Waziri, naye akaliambia Baraza kwamba wananchi wanapona kwa sababu ya adabu. Wataalamu wakaitwa kuthibitisha, wakathibitisha. Ikaamuliwa kwamba Siwema apewe nishani hadharani. Yeye alidhani atapewa cherehani au baiskeli, kama wafanyakazi bora wengine, akaenda uwanjani amevaa gauni aliloshonewa kwa harusi ya dada yake.

Mpambe wa Ikulu alifungua karatasi. "Kwa mamlaka aliyonayo, Mkuu wa Nchi amemtunuku Siwema Sanga Nishani ya Ulimi Laini, Daraja la Tatu. Tangu sasa ataitwa Mheshimiwa Mwandani wa Maneno Siwema Sanga, na jina lake limekwisha kuandikwa katika daftari la heshima."

Vigelegele vikapigwa. Siwema alisimama jukwaani na nishani kifuani, akiyarudia moyoni maneno ya mwisho. Limekwisha kuandikwa. Maktaba yake ilisoma daftari lile yenyewe, bila kungoja mtu, kwa kuwa aliiandika vizuri. Wakati watu wanapiga vigelegele, kila anwani nchini ilikuwa imekwisha kurefuka kwa jina lake na cheo chake. Wagonjwa walikuwa wamesukumwa nje ya koo. Jina la mwisho sasa lilikuwa lake. Vitanda vyote vilikuwa vya Siwema, na zamu ya baba yake ilikuwa kesho asubuhi.

"Mheshimiwa," alimnong'oneza Waziri, "naomba nisiipokee."

"Nishani haikataliwi. Hakuna sheria ya kuikataa."

"Kuvuliwa je?"

"Kuvuliwa kupo," Waziri alisema, akitabasamu kwa ajili ya wapiga picha. "Ni kwa watovu wa adabu tu. Haya, toa shukrani, na uanze juu kabisa, usiruke mtu."

Alimsukumia kipaza sauti. Uwanja ukatulia, watu wakakaa vizuri kwenye mabenchi, wengine wakafungua vyakula vyao, kwa sababu shukrani huwa ndefu.

"Barnaba Sanga," Siwema alisema. "Baba yangu, fundi wa masanduku, mgonjwa wa figo. Kesho asubuhi anahitaji kitanda. Na wengine wote walio sakafuni wanavihitaji vitanda vyao. Nimemaliza."

Katika nchi ile hapajawahi kuwa na hotuba iliyoanza na mgonjwa, achilia mbali iliyokwisha hapo hapo. Mwanamume mmoja mbele aliachia muhogo ukaanguka. Waziri ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Ameanza na baba yake," alisema. "Ameanza na mtu wa figo."

Alivuliwa nishani pale pale, jina lake likafutwa daftarini kabla hajashuka ngazi. Alipotiwa kwenye gari la polisi alikuwa ametulia, hata askari wakadhani amerukwa na akili. Kesho yake Nesi Apolonia aliliona jina la Barnaba Sanga kwenye kioo. Mzee alisafishwa damu yake huku bintiye akisomewa mashtaka ya kuhujumu utangulizi. Alihukumiwa miaka minane.

Lakini Waziri hakuridhika. Mtu wa namna ile haridhiki na kisasi kilichopikwa na mwingine. Alilihutubia tena taifa, akasema heshima isiyo na laana ni nusu ya adabu. Kuanzia sasa kila anwani, baada ya kuwasalimu wakubwa na kabla ya kusema shida, imlaani msaliti. Na ili asije akachanganywa na wanawake wengine wema wenye jina hilo, atajwe kwa jina la mzazi wake. Hivyo anwani zote za nchi zikabeba maneno haya: *alaaniwe Siwema binti Barnaba Sanga*. Aliyepewa kazi ya kuyaingiza alikuwa mpwa wa Waziri, kijana mwenye shahada mbili za chuo kile kile. Hakupima urefu wala hakujua kwamba unapimwa.

Mashine ya hospitali ikameza salamu zote, ikameza laana, ikafika mwisho wa koo lake, ikakata. Jina la mwisho lililosalia lilikuwa Barnaba Sanga.

Nesi Apolonia alitoka na orodha ya asubuhi, akaitazama kwa muda. Kisha akawatazama watu waliojaa ukumbini, wengine wamekaa, wengine wamelala, na polisi ukutani.

"Barnaba Sanga, wodi ya wazazi," aliita.

Mzee Barnaba mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, akawa amekunja uso kwa mshangao.

"Barnaba Sanga, wodi ya wazazi," Nesi alirudia, sasa akimtazama usoni mwanamke aliyekuwa ameshika kiuno karibu na mlango. "Kuitika jina la mkubwa ni kosa. Kuitika jina la baba wa msaliti hakuna aliyekukataza. Kitabu cha sheria nimekisoma."

Yule mwanamke aliinua mkono. "Nipo," alisema.

"Ingia. Barnaba Sanga, wodi ya watoto."

"Nipo," akasema mvulana wa shule mwenye mkono uliovunjika.

Polisi walipekua vitabu vyao vya sheria, wakakuta ni kweli. Ilikuwa imekatazwa kujifanya waziri, askofu, kanali na hata mtandika mazulia, lakini hapakuwa na kifungu juu ya kujifanya fundi wa bati aliyelaaniwa. Watunga sheria hawakuwahi kufikiri kwamba mtu angependa. Mpaka jioni Barnaba Sanga alikuwa amejifungua mara tano, ametolewa kidole tumbo, amepata miwani, na amesafishwa damu yake mwenyewe kwenye zamu yake. Habari zilienea. Watu wakawa wanasalimiana kwa jina hilo sokoni.

Siwema aliyasikia hayo gerezani, kutoka kwa askari wa kike ambaye alikuwa amelazwa wiki iliyopita kwa jina la Barnaba Sanga. Alicheka peke yake hata mbavu zikamuuma, halafu akalia.

Miezi ikapita, hata siku moja mlango wa selo ukafunguliwa, akaingia Waziri Fumbuka mwenyewe. Alikuwa amejipinda, mkono mmoja kiunoni, jasho linamtoka. Figo yake ilikuwa imeota jiwe. Tangu aingie serikalini hakuwahi kutibiwa nchini, lakini tiketi ya ndege nayo iliombwa kwa anwani, kwenye mashine ya msaada ule ule, ikatoka kwa jina la Barnaba Sanga.

"Nitakutoa leo," alisema. "Sasa hivi. Rekebisha maktaba yako. Laana iondoke, jina langu liwe la kwanza, kisha lirudi tena mwisho. Hospitali inipokee."

Siwema alimtazama. Alikuwa akiuota mlango ule uliokuwa wazi nyuma yake, na Waziri alijua hivyo.

"Likikaa jina lako mwisho, Mheshimiwa, vitanda vyote vitakuwa vyako. Wengine wataitika nini?"

"Hao wengine watapangiwa utaratibu."

"Walishapangiwa."

"Siwema, una miaka mingi humu ndani."

"Ninayo," alisema. "Wewe nenda kapange foleni. Ukisikia Barnaba Sanga, itika."

Waziri alitukana, akatoka amejishika ukuta. Mlango ukafungwa. Siwema alikaa chini akaihesabu kwa vidole miaka iliyobaki, maana alikuwa kijana bado na miaka ile ilikuwa ya kweli.

Jumapili baba yake alikuja kumwona. Miguu yake ilikuwa haina uvimbe, na alimletea maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti.

"Alikuja," mzee alisema.

"Nani?"

"Fumbuka. Amevaa miwani nyeusi na kofia ya mke wake. Alikaa benchi moja na mimi. Nesi akaita Barnaba Sanga, kitengo cha figo. Tukaitika wote wawili."

"Mungu wangu."

"Kitanda kilikuwa kimoja. Nesi anamjua, akajitia hamjui. Akauliza, kati yenu nani hasa baba yake Siwema? Basi yule bwana akasimama, akainua mkono juu, akaapa mbele ya ukumbi mzima kwamba wewe ni binti yake wa kumzaa, na kwamba anajivunia."

Siwema alilishika andazi bila kulila. "Na wewe ukasema nini, baba?"

"Nilimwachia kitanda, alikuwa anaumwa kweli. Mimi niliitwa mchana." Mzee alikung'uta unga wa sukari kwenye goti lake. "Lakini nilimwambia akae akijua, kitanda tu ndicho nilichompa. Mtoto ni wangu."